Ukuta Mbele ya Mlango

Choo cha Mzee Maduhu kilianguka siku ya mnada, naye mwenyewe akiwa ndani. Ingekuwa heri kama kingeanguka usiku, au mvua ikinyesha watu wamejifungia, lakini ukweli ni ukweli. Kilianguka mchana kweupe, barabara ya Mwakitolyo imejaa ng'ombe, wanunuzi, wauza mitumba na kina mama wenye beseni za viazi kichwani. Ukuta wa mbele ulilala chini taratibu, kama mgonjwa anayelazwa kitandani, na Mzee Maduhu akabaki amechuchumaa mbele ya hadhara nzima, kofia yake ya pama kichwani. Fundi aliyekijenga choo hicho aliitwa Bujiku.

Na si kwamba Bujiku hakujua kazi. Alijua, tena vizuri. Tatizo ni kwamba siku ile ya kujenga, Esta, binti wa mzee, alikuwa anaanika mahindi uani, na fundi wa watu akawa anachimba msingi macho yakiwa kwenye mahindi. Msingi ukatoka wa kina cha kiganja. Mchanga ukazidi saruji, matofali yakapandana yenyewe yanavyojua. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Walisahau kutuonya kwamba yanaangusha vyoo pia.

Basi Bujiku alipotuma washenga kwenda kuposa, Mzee Maduhu aliwapokea vizuri, akawapa maziwa ya mgando, akawauliza habari za mvua na za malisho, kisha akawapa jibu la kupeleka.

"Mwambieni hivi. Siku nitakayoingia kwenye jengo lake mbele za watu, nikatoka na heshima yangu, siku hiyo aje tuzungumze. Kabla ya hapo, asinisogelee hata kwa salamu."

Maneno hayo yalifika kwa wachimbaji wa dhahabu kabla ya kufika kwa Bujiku. Huko Mwakitolyo siri haiwezi kulala na njaa. Kila alikopita, kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, kwenye vibanda vya chipsi, hata kanisani, mtu alimuuliza kama ameshapata wa kumjengea ili mkwe aingie. Hakupata. Nani ampe nyumba mtu ambaye choo chake kilishindwa kungoja mtu amalize haja? Kazi zake zikawa kupaka chokaa na kuziba nyufa za wengine, na Esta wake anamwona kwa mbali tu. Iliuma, iliuma sana, hata akafikiria kuhamia Geita akaanze upya asikojulikana.

Ndipo Mzee Lin alipotaka hekalu.

Huyu Mzee Lin alikuwa Mchina mwenye karasha la kusaga mawe ya wachimbaji, mtu mfupi, mwenye nyusi nyeupe ndefu na mguu mmoja wenye baridi yabisi. Kwao, alisema, mtu hagusi ardhi bila kumsalimu mwenye ardhi, na kwa kuwa yeye alikuwa anasaga matumbo ya ardhi kila siku, alitaka kumjengea huyo mwenye ardhi kijumba cha heshima kwenye kona ya uwanja wake, mpakani na malisho ya Mzee Maduhu. Wachimbaji hawakucheka. Yeyote aliyewahi kushuka kwenye duara anajua dhahabu ina wenyewe.

Mkalimani wa Mzee Lin alikuwa Esta, maana alikisomea Kichina chuoni huko Dodoma, na sasa alikiongea huku anatikisa kichwa kama wao. Mafundi walipoitwa waione michoro, wa kwanza alisema paa limepinda. Wa pili akasema limepinda kweli. Wa tatu aligeuza karatasi juu chini, akaona bado limepinda, akaomba nauli. Hapo Esta akamwambia Mzee Lin, kwa uso mkavu kabisa, kwamba anamfahamu fundi mmoja ambaye hatachimba tena msingi mfupi maisha yake yote.

Hivyo ndivyo Bujiku alivyopata hekalu, na ndivyo furaha ilivyompanda kichwani ikagoma kushuka. Alichimba msingi hadi msaidizi wake Marwa, kijana wa Tarime mwenye mdomo usiolala, akamwomba wakifika kwenye mwamba wa dhahabu amshtue. Bujiku alichimba huku anaimba.

Na mambo aliyojifunza humo! Kumbe katika jengo la kina Lin hakuna kitu kilichowekwa bure bure. Mlango ni mwekundu kwa sababu wekundu ni heri. Kizingiti kiko juu, karibu na goti, na hakikanyagwi hata kidogo. Unakiruka, na ukikiruka lazima uinamishe macho, kwa hiyo mtu anaingia na adabu hata kama hakuja nayo. Pembe za paa zinainuka juu kama mwanamke anayeinua pindo la gauni akivuka dimbwi. Simba wa mlangoni ni wawili, dume amekanyaga mpira na jike amekanyaga mtoto wake, kumkanyaga kwa mapenzi, Esta alifafanua, na Marwa akasema mama yake alimkanyaga hivyo hivyo.

Lakini kilichomlevya Bujiku ni zile mbao za chini ya paa. Hazikuwa na msumari hata mmoja. Kila kipande kilikuwa kimechongwa jino na pengo, hiki kinakiuma kile, kile kinakibeba hiki, na kadiri paa lilivyozidi uzito ndivyo zilivyozidi kushikana. Mzee Lin alileta mbao hizo zimeshachongwa tayari, akamwonyesha kwa mikono tu jinsi ya kuzipachika, na mikono ya fundi haihitaji mkalimani. Siku ile Bujiku alikwenda nyumbani akala ugali bila kujua mboga ilikuwa nini.

Kisha kulikuwa na mtu wa kuku. Kwenye kila pembe ya paa ilipangwa safu ya wanyama wadogo wa udongo wa kuchoma, na mbele yao wote, ukingoni kabisa, alikaa mtu aliyepanda kuku. Mzee Lin alieleza kwamba wako wanaosema ni mtu mtakatifu, na wako wanaosema ni mtawala mbaya wa zamani aliyewekwa pale kwa adhabu: akienda mbele anaanguka, akirudi nyuma wanyama wanamla. Marwa aliposikia hivyo alimtazama mtu wa kuku, akamtazama Bujiku, kisha akatazama upande wa nyumbani kwa Mzee Maduhu. Tangu siku hiyo Bujiku aliitwa Bwana Kuku, na kwa furaha aliyokuwa nayo aliitika.

Sasa njoo kwenye ukuta.

Mchoro ulionyesha ukuta uliosimama peke yake, hatua chache mbele ya mlango, kati ya mlango na geti. Haukushikana na kitu. Haukubeba paa. Umesimama tu pale, mpana kuliko mlango, umeziba. Na Mzee Lin hakuwepo kuulizwa, alikuwa ameondoka na Esta kwenda Dar es Salaam kufuata sanamu ya mwenye ardhi na vigae vya juu ya ukuta bandarini, na simu zao walipozipata zilikuwa za vigae tu, maana vingine vilikuwa vimevunjika na mzee hataki kusikia jambo jingine.

Bujiku aliujenga ukuta, mnene, msingi wake mrefu kama ule wa hekalu. Ulipokwisha akasimama getini kuutazama, na moyo ukaingiwa na baridi. Hebu fikiria wewe ni Msukuma, umefundishwa tangu mdogo kwamba mgeni akifika kwenye kaya aone mlango, aone moshi, aone sura ya mwenye nyumba ikimtabasamia. Sasa mgeni afike getini apige hodi ajibiwe na ukuta? Na mgeni mwenyewe wa kwanza kualikwa, kwa ujirani wa mpaka, si ndiye Mzee Maduhu? Mtu ambaye anangoja kudharauliwa na jengo la Bujiku, aje apokelewe na jengo lililompa kisogo?

Marwa alishauri waache kama ulivyo, mchoro ni mchoro. Bujiku akamwambia mchoro umechorwa na mtu asiyejua adabu za huku, na kwamba Mzee Lin mwenyewe atashukuru. Akachukua patasi, akaubomoa ukuta katikati, akatengeneza uwazi mzuri wa upinde, ukanyooka sawasawa na mlango. Ukisimama getini unaona moja kwa moja hadi ndani. Akaupaka chokaa, akaupamba na kokoto, akarudi nyuma akautazama huku anatikisa kichwa kwa raha. Kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

Mzee Lin na Esta walirudi zikiwa zimebaki siku mbili tu kabla ya siku ya ufunguzi. Esta ndiye aliyetangulia kushuka kwenye gari. Aliona, akaweka kiganja mdomoni. Mzee Lin alishuka na mguu wake, akasimama getini akachungulia kupitia upinde hadi mlangoni, akaenda mlangoni akachungulia hadi getini. Halafu akasema neno moja fupi, kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha Bujiku.

"Anasema umemjengea shetani barabara ya lami," Esta alitafsiri, na katika tafsiri hiyo alitia chumvi kidogo, alikiri baadaye.

Ndipo Bujiku akaelezwa alichopaswa kuelezwa mapema. Ubaya, kwa imani ya kina Lin, hutembea moja kwa moja. Haujui kupinda kona. Ukiingia getini unanyooka, unagonga ukuta, unarudi ulikotoka. Mtu mwema hasumbuki kuzunguka, maana mwenye nia njema ana muda. Ukuta ule haukuwa kisogo kwa mgeni. Ulikuwa ngao ya aliye ndani. Na Mzee Lin akasema, bado kwa upole, kwamba pengo lisipozibwa hekalu halifunguliwi, na siku ya ufunguzi haihamishwi, kwa sababu kalenda yao ndiyo iliyoichagua.

Hapo furaha ya Bujiku ilimtoka yote. Ukuta wa kuziba haraka haraka! Si ndicho kile kile kilichomwangusha? Akiziba vibaya, ukuta utaanguka mbele ya Mzee Maduhu mara ya pili, na hapo hata akihamia Kigoma Esta hatampata. Asipoziba, hakuna hekalu, hakuna mzee kuingia wala kutoka. Marwa alitoa wazo la kujaza matope na kupaka rangi juu, nani atajua. Bujiku akamwambia mzee atajua, yule mzee na kuta wanafahamiana.

Akapanda juu ya paa akakaa ukingoni, jirani na mtu wa kuku. Mbele shimo, nyuma wanyama. Kwa mara ya kwanza hakuona kichekesho. Alikaa mpaka jua likaanza kushuka nyuma ya vifusi vya wachimbaji, machozi yanamlenga, mtu mzima. Esta akaja akasimama chini.

"Bujiku, kile choo ulikijenga ukinitazama mimi," alisema. "Huu ukuta ujenge ukiutazama ukuta. Hutaniona mpaka uishe."

Akaondoka. Aliondoka kweli, hakugeuka hata mara moja, ingawa alijua anatazamwa. Na Bujiku kwa kukosa mtu wa kumtazama akainamisha macho, na macho yakaangukia zile mbao za chini ya paa, jino na pengo, hiki kinakiuma kile. Akashuka nusura aisahau ngazi.

Kosa la mafundi wa haraka ni kuziba pengo kama mtu anavyoziba chupa, tofali jipya linaegemea la zamani, halijashikwa na kitu. Bujiku hakuziba. Aliubomoa ule upinde wake mzuri, roho inamuuma, akazitoa kingo zote mbili tofali moja ndani moja nje, zikawa kama meno. Kisha matofali mapya akayapitisha humo humo, kila moja limeuma la zamani. Saruji aliipima, hakukisia. Marwa alitaka kusema jambo, akatazama uso wa fundi, akaenda kuchota maji. Walimaliza, wakaufunika ukuta kwa magunia, wakaumwagilia asubuhi na jioni kama mche wa mpapai. Usiku wake Bujiku alilala chini ya ukuta huo huo, kusudi kama utaanguka umwangukie yeye kwanza.

Haukuanguka. Siku ya ufunguzi Esta alikuja na brashi, akaandika juu yake kwa rangi nyekundu alama kubwa ya Kichina ya baraka, bila kumsemesha Bujiku, ila alipomaliza alimpaka tone la rangi puani.

Watu walikuja. Wachimbaji, wanunuzi wa dhahabu, kina mama wa vibandani, hata katekista alikuja, akasimama nje ya geti ili asiwe amehudhuria. Na Mzee Maduhu akaja, kofia ya pama kichwani, na nyuma yake kamba, na mwisho wa kamba Tingatinga. Huyo Tingatinga alikuwa fahali wake, mweusi, kifua kama kabati. Wazee wengine hutembea na fimbo. Mzee Maduhu akienda mahali pa heshima alitembea na Tingatinga. Akamfunga kwenye nguzo ya geti. Nguzo hiyo, naomba ijulikane, ilichimbiwa na Marwa.

Mzee aliutazama ukuta kwa muda. Akauliza unafanya kazi gani, na Esta akamweleza babake habari za ubaya usiojua kona. Mzee akazunguka ukuta pole pole, akampita Bujiku aliyesimama uani kati ya ukuta na mlango, akaitikia shikamoo yake kwa mguno tu. Akafika kizingitini, akainua mguu, akainamisha macho, akaingia. Yuko ndani ya jengo la Bujiku, mbele za watu.

Na hapo vijana wa karasha wakawasha fataki.

Hakuna aliyemwambia Tingatinga habari za fataki. Kwamba kwa Wachina ni heri, kwamba zinafukuza mikosi, yeye atajulia wapi? Zilipolipuka nyuma ya mkia wake aliruka, nguzo ya Marwa ikang'oka kama karoti, na fahali akaondoka na nguzo, na kamba, na kipande cha geti, moja kwa moja. Kushoto hakwenda, kulia hakwenda. Alinyooka kama alivyosema Mzee Lin, wazimu mtupu wenye pembe, kuelekea pale palipokuwa pengo, na nyuma ya pale palipokuwa pengo palikuwa na mlango ulio wazi, na ndani ya mlango palikuwa na Mzee Maduhu.

Bujiku, uani, hakuona kitu. Alisikia kwato na kelele za watu. Angeweza kukimbia. Badala yake, sijui ni akili gani ile, aliulalia ukuta kifua na mikono yote miwili, aushike, kana kwamba mtu wa kilo sitini angeusaidia.

Ukagongwa. Bujiku aliusikia mshindo hadi kwenye meno. Chokaa ilimwagika nyweleni, vigae vya juu vikacheza vikatulia, na ukuta, watu wangu, ukuta ule ulisimama. Upande wa pili Tingatinga alikaa chini kama mbwa, akawaza kidogo, akainuka, akaanza kula maua ya ufunguzi. Alama ya baraka ilikuwa na alama ya paji la fahali katikati. Katekista alikuwa ameshaingia ndani ya geti bila kujijua.

Kisha kikasikika kikohozi ndani ya hekalu, na Mzee Maduhu akatokea mlangoni, nguo zake zote mwilini, kofia kichwani. Akakiruka kizingiti. Akaja hadi kwenye ukuta, akaupigapiga kwa kiganja kama anavyompigapiga ng'ombe mzuri mnadani.

"Wabeja," aliushukuru ukuta, kwa Kisukuma. Kisha akamtazama Bujiku, mweupe wa chokaa kuanzia kichwani. "Nimeingia. Nimetoka. Walete wazee wako kesho. Na ukija, pitia kwanza uani nikuonyeshe mahali pa kujenga choo."

Masikio ya Bujiku yalikuwa yanalia, ulimwengu unazunguka, paa linazunguka na mtu wake wa kuku juu. Upande wa pili wa ukuta akamsikia Esta anacheka, kile kicheko chake cha siku ya mahindi, na miguu ikaondoka yenyewe kumfuata. Ikaondoka moja kwa moja. Akaugonga ukuta kwa paji la uso, akakaa chini pale pale, sawasawa na alivyokaa fahali, na ukuta haukutikisika.

Esta ndiye aliyezunguka.